Aliyehudhuria kwa Simu

Wakati wa matanga ya shangazi, hapa Buyenzi, Bujumbura, mzee mmoja wa ukoo alimnyima binamu yangu neno. Binamu ni mkimbizi; wakati ule alikuwa kambi ya Nduta, Kigoma, Tanzania. Alinunua bando, akafuata mazishi ya mama yake kwa video tangu jeneza linatoka uani hadi udongo wa mwisho. Kilipokaa kikao cha kujadili nyumba ya marehemu, mzee akasema: “Huyo hakuwepo. Ukizima simu, hayupo.” Wengine wakaitikia.

Ili kumjibu mzee, ulimwengu wa mtandaoni tuuchukue kama wengi wanavyouchukua: mahali panapoundwa na mashine, watu wakakutana humo bila miili yao. Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza kama ungekubali kuunganishwa maisha yako yote na mashine ya kukupa hisia tamu tupu. Alijibu kwamba tungekataa, maana tunataka kutenda, si kuhisi tu kwamba tunatenda. Sawa. Binamu alitenda. Kabla ya sala ya jeneza alitangaza kwa simu kwamba anayemdai marehemu aje kwake. Wadai walimsikia, na hakuna aliyesema ahadi ile ni kivuli.

Kwamba simu haibebi jeneza, na kwamba picha hughushiwa, nakubali. Hoja ya kuzima ndiyo inayonichoma. Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013. Mabanda yalikwisha, bidhaa zikaisha, madeni ya wafanyabiashara yakabaki. Je, soko lile halikuwa la kweli kwa kuwa moto uliweza kulifuta? Kila tunachokiita kweli kina namna yake ya kuzimwa, na mwili ni wa kwanza. Ndiyo maana tulikuwa matangani.

Tena, Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalipopamba moto, WhatsApp na Facebook zilifungwa nchini Burundi. Mwezi uliofuata redio binafsi zikachomwa na kuharibiwa. Nani hujisumbua kufunga mlango wa nyumba isiyokuwepo? Waliokuwa humo walikuwa wakionana, wakionyana, wakiulizana nani yu hai. Kuzimwa kwa mitandao hiyo kuliwaumiza watu wenye damu.

Hapa fikra zangu hunikimbiza kila mara kwa Najashi, mfalme wa Habasha. Mtume alipomwoa Ummu Habiba, bibi harusi alikuwa Habasha, bwana harusi Madina; Najashi akasimamia akdi na kutoa mahari. Baadaye Najashi alipofariki, Mtume aliwapanga masahaba safu huko Madina wakamsalia. Mashafii wanaijuzisha sala hiyo ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo. Wahanafi na Wamaliki hawaijuzishi. Kwa karne nyingi wanazuoni wanajadili kuwepo kwa asiyekuwepo, na mzee wetu amelimaliza suala hilo kwa sentensi mbili!

Hata hivyo sithubutu kusema kuhudhuria kwa simu kunatosha. Kukitosha, anayeweza kurudi na hataki atahesabiwa kuwa alikuwa nasi, na huyo simkubali. Labda kuwepo kuna sehemu: ya mwili, ya ahadi, ya uchungu, na mtu aweza kuwa na moja akakosa nyingine. Ni ipi inayompa haki ya kusema juu ya nyumba ya mama yake? Bado sijaona mpaka unapopita. Lakini ukoo uliokubali deni libebwe kupitia simu una wajibu wa kueleza kwa nini sauti iliyolibeba haisikiki kikaoni, na swali hilo nitamuuliza mzee mbele ya wote.