Anayeshika Maji na Mafuta

Kuna neno zito katika Kiswahili: ndumilakuwili. Ni yule nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, kimoja huku na kingine kule. Mtu akiitwa hivyo, ujue watu wameacha kumwamini. Hapa Kakuma neno hilo huwaangukia sana wakalimani, na mimi ni mmoja wao. Mchana natafsiri Kibembe na Kiswahili kwenye zahanati. Jioni nakaa na kikundi cha akina mama, tunatengeneza sabuni na losheni. Hii kazi ya jioni ndiyo imenifanya nifikirie ile ya mchana, hadi nikafika kwenye swali hili: mtu mwenye pande mbili anaweza kuwa mwaminifu?

Chukua chupa, tia maji, tia mafuta ya kupikia, tikisa. Kwa muda mfupi utaona kitu cheupe kama maziwa. Weka chini, subiri kidogo, mafuta yanarudi juu. Wengi husema maji na mafuta yanachukiana. Sivyo. Maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu sana, hata mafuta hayapati pa kuingia. Nadhani na sisi huku kwenye mabloku ni hivyo hivyo mara nyingi. Si chuki. Ni kila kundi kushikana lenyewe tu.

Sasa tazama losheni. Sehemu yake kubwa kwa kawaida ni maji, na ndani kuna mafuta, lakini havitengani. Kinachovishika kinaitwa emulsifaya. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mafuta yakipasuliwa kuwa matone madogo, molekuli hizo zinapanga mstari kuzunguka kila tone: mkia ndani kwenye mafuta, kichwa nje kwenye maji. Tone haliwezi tena kuungana kirahisi na tone jirani na kupanda juu. Na angalia: maji yanabaki maji, mafuta yanabaki mafuta. Hakuna aliyelazimishwa kuwa mwenzake.

Si kitu cha kiwandani peke yake. Kiini cha yai kina lesithini, ambayo hufanya kazi hiyo. Sabuni inafanya. Hata tumboni mwetu ipo: nyongo. Mambo yakiharibika tunasema yameingia nyongo, kama vile nyongo ni uchungu mtupu. Kumbe nyongo ndiyo inayoyavunja mafuta ya chakula kuwa matone madogo, mwili ukaweza kuyasaga. Tunaitaja kwa ubaya, na kila siku inatulisha.

Mwanzoni akina mama wengi hudhani nta ya nyuki inatosha. Si inagandisha? Ndiyo, inagandisha, lakini kushikanisha ni kazi nyingine. Nta iko zaidi upande wa mafuta, kwa hiyo maji hushikwa kwa udhaifu na baadaye yanatoka kama jasho. Galen, yule tabibu wa zamani wa dola la Kirumi, anahusishwa na krimu ya namna hiyo: nta, mafuta na maji. Watengenezaji wa baadaye waliongeza boraksi, ambayo ikikutana na asidi za nta hutengeneza sabuni kidogo, na hiyo sabuni ndiyo inayoshika. Funzo lake kwangu: mtu wa upande mmoja anaweza kutuliza mkutano ukanyamaza, lakini ukimya sio mapatano.

Wakalimani huambiwa wasiwe na upande. Naelewa maana yake, tusipendelee mtu. Lakini kutokuwa na upande kabisa hakusaidii. Mchanga wa laga hauna upande; utie kwenye ile chupa yako, utazama chini na kukaa. Emulsifaya inaweza kazi yake kwa sababu ina pande mbili, na zote mbili ni za kweli.

Siku moja mama mmoja alikuja na mtoto anayejikuna. Alikuwa amepewa krimu kwenye kopo, na nesi alitaka kujua kwa nini hajampaka. Mama akanijibu kwa Kibembe, "Walinipa dawa iliyokufa." Nikamtafsiria nesi neno kwa neno. Nikaona uso wake unabadilika, kama ametukanwa. Nikaongeza, "Anasema maji na mafuta vimetengana. Nyumba yake ni ya mabati." Nesi akaniambia, "Tafsiri tu, dada, usiongeze yako." Nikamgeukia mama, nikamweleza kwamba krimu iliyochemka kwenye joto inaweza kuachana, hakuna aliyempa dawa mbovu makusudi. Naye akaniambia, "Weye umekuwa mtu wao." Basi, ndani ya dakika mbili nilikuwa msaliti mara mbili! Lakini nesi alifungua lile kopo, akaona mwenyewe. Akampa jingine na kumwambia aliweke kivulini, karibu na jerikani ya maji. Mtoto akapakwa pale pale.

Je, ule ulikuwa undumilakuwili? Hapa sabuni inanipa jibu. Ukiitia sabuni ya kutosha kwenye maji matupu, molekuli zake zinakusanyika vikundi vikundi, mikia yote imefichwa katikati. Ndivyo afanyavyo ndumilakuwili: akiwa na hawa anaficha mkia, akiwa na wale anaficha kichwa. Lakini mafuta yakiwepo, sabuni inakwenda mpakani na kusimama pande zote mbili zikiwa wazi. Maumbile ni yale yale. Tofauti ni mahali unaposimama. Niliyomwambia nesi ningeweza kuyasema mbele ya mama kwa lugha yake, na niliyomwambia mama ningeweza kuyarudia mbele ya nesi. Hicho ndicho kipimo changu: kama neno lako haliwezi kusikiwa na pande zote mbili, hapo umeanza kuficha mkia.

Sitaki mnione najisifu. Kinachounganisha kikizidi nguvu kinadhuru. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia unyevu usitoke, na sabuni kali huyachukua. Waulizeni akina mama wanaofulia watu nguo kila siku, mikono yao ilivyopasuka. Mkalimani naye anaweza kukua hadi kila jambo lazima lipite kwake, na wageni wakadhani sauti yake ndiyo sauti ya wakimbizi. Huyo haunganishi tena, anakwangua.

Kwenu mnaofanya kazi za misaada nina neno moja. Losheni ikiachana kwenye joto, msikimbilie kuilaumu emulsifaya. Kila losheni ina joto linaloishinda. Mgao ukipunguzwa, watu wakikasirika, msimtume kijana wa insentivu akasimame peke yake mbele ya foleni, halafu mseme kashindwa kuelewesha jamii. Punguzeni moto kwanza, au njooni msimame naye.

Na kwetu wakazi: kwenye kibandiko cha losheni viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi maji ndiyo ya kwanza. Emulsifaya iko chini huko, asilimia chache tu, na hakuna anayenunua kopo kwa ajili yake. Mshika mbili moja humponyoka, tunasema, na kwa mkono mmoja ni kweli. Lakini wapo watu ambao vita na njia ndefu ziliwapa mikono miwili ya namna hiyo. Kabla ya kumwita mmoja wao nyoka, muulize kwanza alisema nini kule upande wa pili. Akikujibu bila kubabaika, mwache afanye kazi.