Aliyeitwa Mzembe Tangu Darasa la Tatu

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoka na azimio lililochukua jina la mji huo: ifikapo 1977, kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule awe darasani. Wasichana wengi wa mkoa wa Mara ambao pengine wangebaki nyumbani kuchota maji na kusubiri ng'ombe wa mahari wakajikuta kwenye dawati. Leo ndio mama na bibi wa Iringo pale Musoma, Bunda na Butiama. Miongoni mwao, bila shaka, wamo waliopita darasa baada ya darasa wakitazama dirishani, daftari limesahauliwa nyumbani, swali la mwalimu limepita masikioni bila kusikika. Hawakupigana wala kupiga kelele. Walichapwa kwa kuchelewa, wakaitwa wazembe, ikaishia hapo.

Madaktari wana maelezo mengine. Upo upungufu wa umakini, kwa kifupi ADHD, ambao kwa baadhi ya watu huja pamoja na utukutu na papara. Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Kati ya watu wazima mia, wanaokadiriwa kuwa nayo ni wawili au watatu. Kwenye kikoba cha wanawake thelathini, basi, huenda yupo mmoja. Wenzake wanamjua tayari, ila wanamjua kwa sifa mbaya.

Tumfikirie mama wa namna hiyo pale Iringo. Hatuna haja ya kumtaja jina, maana ni wengi. Kwa biashara ni hodari. Giza la mwezi likiingia na wavuvi wakatoka na taa zao ziwani, alfajiri yeye ndiye anayejua mtumbwi upi umerudi na dagaa wengi, na kwa kupatana bei hana mpinzani. Ameshaanika mzigo juani anapokumbuka ada ya mtoto. Anakwenda nyumbani kutafuta risiti, njiani anakuta jirani ameleta vitenge vipya, anaketi kidogo kuvitazama. Mvua ya ziwa haimsubiri mtu. Jioni dagaa wameoza, risiti haijaonekana, na kikoba kimekaa bila yeye. Pesa ya rejesho anayo, tena imetimia. Iko kwenye pochi asiyokumbuka ameiweka wapi.

Mawifi wana la kusema. Mama mkwe ana la kusema zaidi. Lakini anayesema maneno makali kuliko wote ni yeye mwenyewe, usiku, akiwa macho saa nane, akiahidi kwamba kesho atajirekebisha. Ameahidi hivyo tangu akiwa mwari.

Kwa nini hakuna aliyemtambua mapema? Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya tiba yenyewe. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake jijini London juu ya watoto wasioweza kujizuia wala kutulia, na wengi wa watoto hao walikuwa wavulana. Picha hiyo ilikaa. Mwaka 1968 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliutaja ugonjwa huo kwa utukutu wa utotoni, kana kwamba asiyetukutika hana tatizo. Ilibidi kusubiri hadi 1980 ndipo mwongozo huo ukakubali kwamba mtu anaweza kukosa umakini huku ameketi kimya kabisa. Mpaka leo wavulana wanaofikishwa kliniki ni wengi kwa mbali kuliko wasichana, ilhali wakiwa watu wazima pengo hilo hupungua sana. Wasichana hawakuugua ukubwani. Walikuwepo tangu mwanzo, ila hawakuhesabiwa.

Sehemu nyingine ya jibu tunayo majumbani mwetu. Binti wa Mara hufundishwa mapema kukaa vizuri, kutojibu wakubwa, kuamka kabla ya wengine. Mwili hujifunza kutulia hata kama akili inazurura. Dada mkubwa humkumbusha, mama humshtua, kengele ya shule humsukuma. Huyo binti anaweza kufika kidato cha nne akiwa ameshikiliwa na wengine bila mtu kujua kwamba ameshikiliwa. Siku anapoolewa na kuachiwa nyumba, watoto watatu, biashara na kikoba, nguzo zote zinaondoka kwa mpigo. Watu husema amebadilika baada ya ndoa. Wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Homoni nazo zina yao. Wanawake wengi wenye hali hii husimulia kwamba usahaulifu huzidi siku za kukaribia hedhi, na tena hedhi inapoelekea kukoma, wakati estrojeni inaposhuka. Bibi wa miaka hamsini anayedhani ameanza kuzeeka akili huenda ana jambo la zamani lililokosa kificho.

Yapo madhara mazito kuliko dagaa walioloa. Profesa Stephen Hinshaw wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wamewafuatilia tangu utotoni wasichana 140 wenye hali hii pamoja na 88 wasio nayo. Walipokuwa vijana, zaidi ya wanne katika kila kumi wa kundi la kwanza walikuwa wamepata mimba wasizozipanga. Kwa kundi la pili ni kama mmoja kwa kumi. Kujidhuru na kujaribu kujiua nako kulikuwa kwingi zaidi kwa waliokuwa na upungufu wa umakini, hasa wale wenye papara. Hao ni wasichana wa California, kweli, na Mara si California. Lakini mimba za shuleni ziko hata kwetu: Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Swali linalostahili kuulizwa siku binti anaporudi ni dogo: kabla ya mimba, alikuwa anafuata masomo? Kama hakuwa anafuata tangu darasa la tatu, kumrudisha kwenye dawati lile lile hakutoshi.

Wala fimbo haitoshi. Kanuni za elimu za 2002 zinamruhusu mkuu wa shule kuchapa viboko visivyozidi vinne, na anayechapwa mara kwa mara kwa kusahau huishia kujifunza uongo wa kujitetea. Kukumbuka hakufundishwi kwa kiboko.

Hapa pana hatari ya upande wa pili, na ni vizuri isemwe wazi. Siku hizi simu inatosha kumfanya kila mtu ajione mgonjwa. Si kila aliyeunguza ugali ana ADHD. Mwanamke anayenyonyesha na kulala kwa saa nne tu kila usiku atasahau mambo. Mwenye upungufu wa damu atachoka na kukosa umakini. Tezi ya shingo, sonona, kipigo cha ndani ya nyumba, vyote huvuruga fikra. Tofauti kubwa ni umri wa jambo lenyewe. Mwongozo wa Marekani wa 2013 unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja, na ziwe zinaharibu maisha. Usahaulifu ulioanza mwaka jana una chanzo kingine, nacho kitafutwe.

Lipo dodoso fupi la maswali sita kwa watu wazima, lililotungwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Linauliza kama mtu hushindwa kukamilisha hatua za mwisho za kazi, kama hupata tabu kupanga mambo kwa utaratibu, kama husahau miadi, kama huahirisha kazi inayohitaji kufikiri sana, kama hutikisa mikono na miguu anapokaa muda mrefu, kama hujihisi anaendeshwa na injini. Halitoi hukumu. Linaonyesha tu nani aonwe na daktari. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto angeweza kumuuliza mama maswali hayo akiwa bado kwenye foleni ya mizani, na isingegharimu zaidi ya karatasi.

Kuhusu dawa, ipo habari ya kuchekesha kidogo. Methylphenidate, dawa inayotumika kwa hali hii, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na mke wake, Marguerite, aliinywa kabla ya kucheza tenisi. Jina la kibiashara, Ritalin, limetokana na jina lake la utani, Rita. Dawa ikabeba jina la mwanamke, kisha kwa miongo mingi ikawa dawa ya wavulana. Mwaka 2019 na tena 2021 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, likisema ushahidi haujatosha. Bila dawa pia yapo ya kufanya: rejesho litumwe kwa simu siku pesa inapopatikana, pochi iwe na msumari wake ukutani, na kazi ya kuchosha ifanywe na mtu mwingine ameketi karibu. Wanawake wa Iringo tayari huanika dagaa pamoja. Basi mwenye kusahau asiachwe na mzigo wake peke yake.

Mlango wa kwanza wa msaada ni hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, Musoma. Wa pili ni hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukienda, mama, beba ripoti zako za shule kama bado zipo, zile ambazo mwalimu aliandika kwamba una uwezo ila hujitumi. Nenda pia na mtu aliyekufahamu kabla hujafikisha miaka 12, awe dada au shangazi, naye amweleze daktari alichokiona.