Pumzi na Pumziko

Soma Kutoka 6:1-9. Kwa nini wana wa Israeli hawakumsikiliza Musa?

Musa aliwaletea watu habari njema: Bwana amesikia kuugua kwao, naye atawatoa Misri. Hata hivyo hawakumsikiliza. Biblia inataja sababu mbili, yaani ugumu wa utumwa na hali ya moyo wao. Maneno ya Kiebrania yanayoeleza hali hiyo yaweza kufasiriwa pia kuwa ufupi wa pumzi, kwa maana neno ruach humaanisha roho, upepo na pumzi. Watu hao walikuwa wamelemewa kiasi kwamba hata ahadi ya Mungu haikupata nafasi ndani yao.

Hali hiyo ingalipo. Mtu anayewaza ada ya shule, kodi ya nyumba au ugonjwa wa mzazi hupumua haraka haraka, kwa sehemu ya juu ya kifua. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli ya shingo na mabega hukaza. Mwili umejiandaa kukimbia hatari. Lakini ada ya shule si simba wa kukimbiwa kwa dakika chache; mtu aweza kulala na kuamka nayo miezi mingi, na afya yake ikadhoofika.

Muumbaji ameweka njia ya kuusaidia mwili huo. Hakuna awezaye kuuamuru moyo wake upige polepole, lakini kila mtu aweza kupunguza mwendo wa pumzi yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiketi wima, akavuta hewa taratibu kwa pua hadi tumbo lisogee mbele, kisha akaitoa polepole kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi wakati hewa inatoka. Wengi wakipumua hivyo mara 6 hivi kwa dakika, kwa dakika chache tu, huona mwili umetulia. Zoezi hili halichukui nafasi ya matibabu. Mwenye shinikizo la damu aendelee na vidonge vyake, na mwenye maumivu ya kifua aende hospitali. Ellen G. White naye, katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji kilichotolewa mwaka 1905, alihimiza kupumua kwa kina na kuacha mavazi yanayobana kifua.

Je, kufanya hivyo ni upungufu wa imani? Soma 1 Wafalme 19:4-9. Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mwili ulipopata nguvu, ndipo Bwana alipomuuliza anafanya nini pale. Vivyo hivyo pumzi, ambayo Mungu mwenyewe alimpulizia mwanadamu (Mwanzo 2:7), yaweza kumtayarisha mtu kuomba na kusikia. Haihitaji kuondoa mawazo yote akilini, wala kutafuta nguvu nyingine.

Lakini Kutoka kunaleta swali gumu zaidi. Bwana hakuwafundisha Waisraeli kupumua vizuri huku wakiendelea kufyatua matofali ya Farao. Aliwatoa. Uko wasiwasi ambao mtu hujitwika mwenyewe, na uko mwingine ambao ametwikwa na mwenzake. Kumwambia wa pili avute pumzi, bila kuugusa mzigo, ni kumsaidia avumilie dhuluma.

Hapo ndipo Sabato inapoingia. Katika Kutoka 23:12, siku ya saba imewekwa ili mwana wa mjakazi na mgeni nao waburudike. Neno la Kiebrania lililotumika hapo linahusiana na nafsi na pumzi. Ni kama kusema, wapate pumzi tena. Neno hilo hilo limetumika kwa Mungu mwenyewe katika Kutoka 31:17. Kiswahili nacho kimeyaweka pamoja: pumzi, kupumua, kupumzika.

Fikiria basi nyumba ya waumini siku ya Sabato. Familia imetoka kanisani, wageni wamekaribishwa, sala imeombwa. Jikoni dada wa kazi anapasha chakula, anapakua, anaosha vyombo vya watu kumi na wawili. Ukarimu ni wema, lakini Kutoka 20:10 kunamtaja mjakazi kabla ya mgeni. Chakula kingeweza kupikwa chote Ijumaa, na vyombo vikasubiri jua lizame. Mwenye nyumba akiona moyo wake hautulii kwa jambo hilo, pumzi ndefu yaweza kumpa utulivu wa kulitazama. Isitumike kuinyamazisha dhamiri. Hata Farao angeweza kupumua kwa kina na kulala usingizi mzuri.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu atajuaje kwamba wasiwasi wake unahitaji utulivu, na lini unahitaji tendo, kama vile kulipa deni au kwenda kupatana? Linganisha na Mathayo 5:23, 24.

2. Nyumbani, kazini au kanisani, ni nani ambaye hapati pumzi kwa sababu ya mzigo aliowekewa na wengine? Kifanyike nini kabla ya Sabato ijayo?