Kikohozi Kilichochelewa

Mzee mmoja wa Rombo, mwenye kihamba cha kahawa na migomba, alipigwa mionzi Dar es Salaam kwa saratani ya umio: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5, pamoja na dripu za kemo. Chakula kilipoanza kupita tena akarudi nyumbani, na karatasi za matibabu zikalazwa chini ya godoro.

Mwezi wa pili tangu arudi, kikohozi kikaingia, kikavu, na homa ndogo ya jioni. Akawa anasimama kuvuta pumzi katikati ya njia ya chooni. Zahanati ikampa amoksilini, akamaliza dozi, akabadilishiwa nyingine. Mwishowe akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Siwalaumu. Kwetu anayekonda na kukohoa lazima afikiriwe TB. Ila hakuna aliyeuliza habari za mionzi, na mzee naye hakusema, maana kwake mionzi ilikwisha siku aliyopanda basi la kurudi.

Haiishi siku ile. Mionzi ikielekezwa kwenye umio, titi au pafu lenye saratani, sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa huguswa pia. Ngozi laini ya ndani ya vifuko vya hewa hujeruhiwa bila mtu kuhisi lolote, kisha pafu huvimba baadaye, mara nyingi kati ya wiki 4 na 12 baada ya mionzi, pengine hata mwezi wa 6. Hapo hakuna kijidudu cha kuua, ndiyo maana antibayotiki haikufua dafu.

Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari aliinua eksirei kwenye mwanga akaona doa lenye kingo zilizonyooka kama zimepigwa rula. Nimonia haichori hivyo. Mionzi ndiyo hufuata mstari wa mashine.

"Shikamoo, mzee. Umewahi kuchomwa mionzi kifuani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimechomwa, lakini ni zamani, miezi mitatu sasa."

Akaandikiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na haikupita wiki pumzi ikarudi. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu safari hii ugonjwa ulikuwa umeshajulikana. Wiki ya tatu alijiona mzima, akaacha vidonge ghafla, vilivyobaki akampa jirani mwenye pumu. Dawa hii hushushwa polepole, kwa wiki nyingi. Ukiikata, pafu huvimba upya, tena mwili uliozoea kuletewa steroidi hauwahi kujitengenezea yake. Siku chache baadaye alirudishwa hospitali midomo imebadilika rangi, akawekewa oksijeni.

Mara ya pili mkwewe ndiye aliyetunza vidonge, akaandika kwenye kalenda ya ukutani kila tarehe ya kupunguza, na hakuruhusu hata kimoja kirukwe. Mzee alipona homa na kikohozi. Sehemu ya pafu iliyovimba mara mbili imeshika kovu, na kovu hilo halina dawa ya kuliondoa. Kwa hiyo shamba lake la bondeni amewaachia wanawe.