Mungu Husikia Lugha Gani?

Mpaka wa kikoloni uliwakata Wanyamwanga vipande viwili: wengine wako Tunduma, wengine Nakonde, upande wa Zambia. Jumapili, ndugu wa Tunduma mara nyingi huhubiriwa kwa Kiswahili, wa Nakonde mara nyingi kwa Kibemba. Je, sala ya mtu hupungukiwa na chochote anapoiacha lugha ya mama yake nje ya kanisa?

Mmisionari Mmoravian Traugott Bachmann, aliyefika Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899, alilichukua swali hilo kwa uzito. Alijifunza Kinyiha, akasikiliza simulizi za wenyeji, akatafsiri Agano Jipya. Imani, kwake, ilipaswa kumkuta Mnyiha nyumbani kwake.

Waislamu wana hoja nyingine, nayo ina nguvu: sala ya Kiarabu humuunganisha Mtanzania na Mwindonesia, ilhali dua huombwa kwa lugha yoyote. Kwa hiyo lugha moja ya ibada si lazima iwe dhuluma.

Dhuluma huanza pale lugha ya nyumbani inaponyamazishwa kabisa. Huko Alaska, shule zilizowaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha zao zilichangia kuziua. Marie Smith Jones, mzungumzaji asilia wa mwisho wa Kieyak, lugha iliyo jamaa ya zile za Waathabaska, wenyeji wa Amerika Kaskazini, alifariki mwaka 2008. Lakini Wanavajo, Waathabaska wa kusini, walipata Biblia nzima mwaka 1985, na waganga wao bado huimba nyimbo za uponyaji kwa Kinavajo.

Kinyamwanga bado kinasemwa sokoni Tunduma. Wazee wa kanisa wanaweza kukipa nafasi madhabahuni sasa, wakati watoto wangali wanakielewa.