Mkaja na Nailoni

Jumamosi moja ya Januari, mwezi ambao uwanda wa Kano huwaka joto, wifi yangu aliniomba nimsindikize saluni hapa Awasi, kando ya barabara ya Kericho. Nilidhani anakwenda kusuka. Kumbe nyuma ya pazia alipimwa kwa tepu ya fundi wa nguo, akapakwa tope la kijivu lenye harufu ya mkaratusi, kisha akazungushiwa nailoni nyembamba, ile ya kufunikia chakula, kutoka chini ya matiti hadi mapajani. Juu yake wakamfunika blanketi. Alilala hivyo saa nzima. Walipomfungua, jasho lilichuruzika hadi sakafuni, akapimwa tena.

"Wifi, inchi tisa!" aliniambia kwa furaha, mkono mmoja umeshika ukuta asianguke.

Nilizitazama zile inchi kwenye daftari la yule dada wa saluni. Alikuwa amejumlisha: mikono miwili, mapaja mawili, kiuno, tumbo, nyonga, kidogo hapa na kidogo pale. Mtu akivua soksi yenye mpira mkali huona alama mguuni, nyama imebonyea. Kesho yake alama haipo. Nailoni hufanya kazi hiyohiyo mwili mzima: hubana, husukuma maji yaliyo chini ya ngozi, na maji hurudi mahali pake.

Mizani nayo ilionyesha kilo moja pungufu, na haikudanganya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tulipofika nyumbani wifi alikunywa maji bilauri baada ya bilauri kwa kiu aliyokuwa nayo, na kilo yake ikawa imerudi kabla ya magharibi. Mafuta hayatoki kwa njia ya jasho. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu wakaichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza: mafuta kilo 10 yakiisha mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kabonidayoksaidi, na 1.6 iliyobaki hugeuka maji. Yaani tunapungua kwa kupumua, na mwili huyaunguza mafuta hayo pale tu unapotumia nguvu kuliko chakula unachopewa. Hakuna tope wala kitambaa kinachoweza kuufanyia kazi hiyo ukiwa umelala.

Kilichonitia hofu zaidi ni lile joto. Jasho humpoza mtu linapokauka juu ya ngozi. Ukilifungia ndani ya nailoni linatiririka bure huku damu ikipungukiwa maji. Mwaka 1997 huko Marekani wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa katika kipindi cha karibu mwezi mmoja, wakihangaika kupunguza uzito haraka kwa kufanya mazoezi kwenye joto wakiwa na mavazi yasiyopitisha hewa. Mwaka uliofuata mavazi hayo yakapigwa marufuku katika mchezo wao. Wale walikuwa vijana wenye nguvu. Wifi yangu anameza dawa za presha, zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na hakuna aliyemuuliza kabla ya kumfunga.

Njiani nilimuuliza kilichompeleka. Alinyamaza mpaka tukapita soko. Kisha akasema kwamba kwenye chama, mwenzake alimgusa tumbo mbele ya watu akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Mtoto wake ana miezi saba.

Mimi nimekulia uwanda huu miaka ya tisini. Wakati huo mtu akikuambia "umekonda" alikuwa karibu kukupa pole. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, kule Rakai, Waganda walikuwa wameuita ugonjwa mpya wa UKIMWI "slim", na mwaka 1985 madaktari wakalichukua jina hilo la wanakijiji wakaliandika katika jarida la Lancet. Kwetu wazee walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Jirani alishuka basi kutoka Nairobi, koti limempwaya, na salamu zikafa midomoni. Mama zetu walituongezea ugali sahanini kwa woga, na mwanamke mwenye mwili aliwafariji watu kwa kupita tu njiani. Sasa neno lilelile, "slim", limebandikwa kwenye chupa za chai na mikanda ya kubana tumbo, nasi tunalilipia. Ninashukuru kwamba woga ule umepungua. Lakini sisi tuliofukia makaburi mengi kiasi kile tungepaswa kuwa wapole zaidi kwa mwili ulio hai.

Sisemi uzito hauna madhara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na presha na kisukari tunaviona nyumba kwa nyumba. Mama zetu walishinda wameinama katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Sisi tunapanda boda kwenda dukani.

Ila kumfunga mwanamke tumbo hakukuanzia saluni. Waswahili wa pwani wana mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi katika zile siku arubaini za kukandwa kwa maji ya moto. Tumbo hunywea kwa sababu mji wa mimba unajirudi wenyewe, kutoka kama kilo moja hadi chini ya gramu 100 katika wiki sita hivi. Kitambaa kinamshikilia tu wakati kazi hiyo ikiendelea. Na mkaja ni jina pia la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi mahari yanapotolewa, kwa ajili ya tumbo lililombeba binti. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo lugha yetu imelipa tumbo la mwanamke.

Jioni ile mama yangu alimkuta wifi amejilaza kwenye mkeka, kichwa kinamgonga. Tulimweleza. Hakumgombeza. Wifi akamuuliza, "Mama, uliponifunga leso nilipojifungua, ulitaka nipungue?"

"Nilitaka mgongo wako upumzike," mama akajibu, akaenda kumletea uji.