Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: "Akakae na mateja?"



Jana baada ya alasiri mzee wetu mmoja alinishika mkono pale mlangoni. Binti yake kamaliza kidato cha sita, anataka kusomea ushauri nasaha wa waraibu wa dawa za kulevya. "Sheikh, mwambie huyu mtoto. Nimemsomesha miaka yote hii ili akakae na mateja?" Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, maana si yeye peke yake mwenye swali hili.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa ulevi, akawa anaadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani. Mtume akakataza, akashuhudia kwamba mlevi yule anampenda Allah na Mtume Wake. Tazama hapo. Pombe ilibaki haramu na adhabu ilibaki. Kilichokatazwa ni kumtoa mtu kwenye rehema.

Mimi nimewahi kumtoa mtu. Ramadhani moja viatu viliibiwa msikitini, nami nikamfukuza kijana wa unga aliyekuwa kalala barazani, mbele ya watu wote. Sikuwa na ushahidi. Viatu havikuonekana, na kijana hakurudi tena. Madrasa nimesoma, diploma ya ualimu ninayo, lakini siku ile neno nililokuwa nalo ni "toka" tu.

Mshauri aliyesomea kazi angekuwa na mengine. Anajua arosto ikoje: mwili unauma, kuhara, kutapika, usingizi hakuna. Kwa hiyo haanzi na mawaidha. Anauliza, anasikiliza, anatunza siri, na siri ni amana. Kisha anampeleka mtu kwenye tiba. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Mwenye kuitumia asiikatishe kwa sababu ya saumu bila kuongea na daktari wake. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, na anayeona haya kuuliza anifuate faragha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulijua mpaka nilipofundishwa na mmoja wa hao washauri. Kijana akiacha unga mwezi mzima, mwili unapoteza ule uzoefu. Akirudi siku ya Idi kwa kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Sisi tunamwona kafunga, tunafurahi, basi. Nani wa kumweleza hayo kabla ya sikukuu, kama si mtu aliyesomea?

Na wewe binti, nisikudanganye. Utamhangaikia mtu miezi, kisha utamkuta kijiweni amerudia. Atakudanganya usoni. Utajifunza kutochukua kila kilio ukaenda nacho nyumbani kwenu. Waliopata nafuu wenyewe wanasaidia sana kwenye nyumba za soba, lakini hata wao wanahitaji mafunzo, uzoefu pekee hautoshi.

Mzee wangu, hao unaowaita mateja mtaani kwetu wana mama zao, na baadhi ya mama hao wanaswali safu ya nyuma ya mkeo. Leo baada ya tarawehe nitakaa barazani, pale pale. Njoo na binti, na fomu za chuo aje nazo tuzisome pamoja.

Wabillahi tawfiq.